Baba Yetu Kumi

Haya ni maneno niliyoyasema usharikani Jumapili jioni, tulipokutana kuwakumbuka baba zetu waliotangulia. Ndugu waliokuwa mbali wameyaomba, nami nimeyaandika karibu kama nilivyoyatamka. Picha nilizoonyesha ukutani nimeziacha.

Bwana Yesu asifiwe.

Mbona mnaitika kama watu wenye njaa? Bwana Yesu asifiwe! Naam, sasa tuko pamoja.

Mchungaji, wazee wa kanisa, akina mama, akina baba ambao jioni hii ni yenu, na ninyi vijana mliokaa karibu na mlango ili iwe rahisi kutoweka: nawaona. Mchungaji amenipa dakika 20. Mimi nimefundisha shule ya msingi miaka 34, na kipindi kilikuwa dakika 40. Tutaelewana.

Nimeombwa nimzungumzie baba yangu. Wengi wenu mnamkumbuka: yule mzee mrefu wa benchi la tatu upande wa kushoto, mwenye koti la kijivu hata katika joto la Februari hapa Dar es Salaam, ambaye mahubiri yakivuka saa nzima alikuwa anaifunga Biblia yake kwa kishindo kidogo, mchungaji asikie. Ninyi mlimwita Daktari. Askari walimwita Afande. Sisi nyumbani tulimwita Baba, na niseme ukweli nikiwa nimesimama mahali hapa, tulimwogopa. Akiingia ndani, hata redio ilikuwa kama inajizima yenyewe.

Kwa hiyo sikuja kumtangaza mtakatifu. Waliokaa naye nyumba moja wapo hapa, wangenicheka. Nimekuja kuwaambia habari za mikono yake.

Baba alizaliwa ng'ambo ya Mto Kagera, huko tunakoita Missenyi leo, mtoto wa mwinjilisti aliyekuwa na baiskeli moja na watoto tisa. Akasoma udaktari Muhimbili, akaingia jeshini. Watu walimuuliza sana: Mkristo gani huyu anayevaa kombati? Alikuwa na jibu lake, na halikuwa refu. "Wakulima wamenisomesha kwa kahawa yao. Watoto wao wako jeshini. Mlitaka nikawatibu kwa barua?"

Halafu ikaja Oktoba 1978. Wazee mnaikumbuka. Majeshi ya Idi Amin yakavuka mpaka, yakaichukua nchi yote ile iliyo kaskazini ya mto, yakachoma nyumba, ng'ombe wakaswagwa kama hawana wenyewe. Mwanzoni mwa Novemba daraja la Kyaka likalipuliwa. Bibi yangu alivuka mto kwa mtumbwi, kuku mmoja kwapani, na hakuwahi kutueleza waliobaki nyuma yake walipatwa na nini. Kisha Mwalimu akazungumza redioni. Mnayakumbuka yale maneno ya nia, sababu na uwezo? Naona wazee wanatikisa vichwa. Baba aliyasikia akiwa tayari amefunga begi.

Sasa nisikilizeni vizuri, maana hapa ndipo habari ya mikono inapoanzia.

Hospitali ya vitani si kama hii mnayoijua yenye foleni na dirisha la dawa. Ilikuwa mahema, au darasa la shule iliyokimbiwa, madawati mawili yamesogezwa yakawa kitanda cha kupasulia, taa ya karabai, ndoo. Majeruhi wanaletwa kwa machela, kwa lori, kwa mgongo wa mwenzao. Na daktari kabla hajamgusa mtu kwa kisu ni lazima anawe. Si kunawa kwa kula ugali. Ni kunawa kwa brashi: kucha, katikati ya vidole, kiganja, nyuma ya kiganja, unapanda mpaka kwenye viwiko, na mikono unaiinua juu hivi, ili maji yateremkie viwikoni yasirudi vidoleni. Dakika tano. Ukimaliza mapema umemuua mgonjwa kwa haraka yako, ila atakufa wiki ijayo na hutajua ni wewe.

Dakika tano unazipimaje? Saa ya ukutani hakuna. Saa ya mkononi umeivua, maana huwezi kujisugua kiwiko ukiwa umevaa saa. Kwa hiyo Baba alisali Baba Yetu. Kwa sauti, taratibu, kama anavyosali mtu asiye na lori mlangoni. Aliipima siku moja: Baba Yetu moja ya polepole ni nusu dakika. Baba Yetu kumi ni dakika tano.

Aliyekuwa akimsaidia ni tabibu msaidizi mmoja, sajenti, mtu wa Tanga, Mwislamu wa kuamka alfajiri. Jina silitaji, bado ana wajukuu wanaoona haya haraka. Sisi tulimwita Baba Mdogo Sajenti. Siku ya kwanza Baba akamwambia, "Nawa, Baba Yetu kumi." Sajenti akasimama na sabuni yake mkononi. "Afande, hiyo yenu mimi siijui." Baba akamuuliza, "Yenu fupi ni ipi?" Akasema, Alhamdu. Wakatafuta saa, wakaipima. Sajenti akasema, "Wengine huisoma mbio, Afande. Lakini mimi ni mtu wa Tanga. Kumi zitatosha."

Na zikatosha. Mutukula Januari 1979, Masaka Februari, Lukaya Machi, mpaka Kampala ilipoanguka tarehe 11 Aprili na kuendelea, wawili hao walisimama kwenye beseni moja, mmoja na Baba Yetu, mmoja na Alhamdu, wakimaliza pamoja.

Nilipokuwa mkubwa nilimuuliza: Baba, ile ilikuwa sala au ilikuwa saa? Nilidhani nimemkamata. Akaniambia, "Ukiifupisha sala, vijidudu vinabaki."

Basi mtindo huo akauleta nyumbani. Watoto sita, beseni moja, kabla ya kula kila mtu Baba Yetu moja, kwa sauti. Kaka yangu mkubwa alikuwa na njaa kuliko imani. Alikuwa anatoka "utupe leo riziki yetu" anaruka moja kwa moja mpaka amina. Na Baba akiwa chumbani, mlango umefungwa, anasoma gazeti, sauti ilikuja: "Rudi kwenye makosa yetu!" Kila siku. Rudi kwenye makosa yetu. Mpaka mbwa nadhani aliijua.

Mnacheka. Ngojeni, nitarudi hapo.

Vita vikaisha katikati ya 1979, njaa ya bidhaa ikaanza. Tuliambiwa tufunge mkanda miezi 18. Nani anakumbuka miezi ile iliisha lini? Hakuna? Hata mimi. Sukari kwa foleni, unga kwa foleni, na sabuni, ndugu zangu, sabuni ilikuwa habari za kusikia. Mama alifulia majani ya mpapai. Unayaponda, yanatoa kijipovu, shati linatoka na rangi ya kijanikijani na harufu ambayo darasani ulijua nani ni nani.

Na baba yetu alikuwa daktari wa jeshi. Kazini kwake kulikuwa na katoni za sabuni. Alirudi jioni, mikono inanukia. Mama alikuwa anaivuta ile mikono anainusa, si kwa mapenzi. Akamwambia siku moja, sisi tukisikia, "Mikono yako inanukia sabuni, na shati la mwanao linanukia mpapai. Huyo Mungu wako hana watoto?"

Baba hakujibu. Hakuleta kipande. Hata kile kinachobaki chembamba kama ganda la yai, ambacho mtu yeyote angekitupa, hakukileta.

Mwaka 1983 ukaja msako wa wahujumu uchumi, enzi za Sokoine. Vijana ninyi ulizeni nyumbani: watu walitupa vitenge mtoni, walifukia sukari, jirani yetu mmoja usiku ule alimwaga mafuta ya kupikia chooni, debe zima. Baba alilala, akakoroma. Mama akakaa kitandani akamtazama, akasema, "Kweli, mpapai hauna kesi." Hadithi hiyo alitusimulia mwenyewe, akicheka mpaka machozi.

Mngependa niishie hapo. Baba mwadilifu, Mama ameelewa, tuimbe. Lakini haikuwa hivyo. Kabla ya msako, mdogo wetu wa mwisho alishikwa na upele. Vidoleni, kiunoni, usiku halali. Mama akamleta mezani akamvua shati, akamwambia Baba, "Daktari, huyu mgonjwa wako." Akaondoka. Baba alimwangalia yule mtoto muda mrefu. Asubuhi akatoka, akarudi na miche miwili ya sabuni na mkono mtupu. Saa yake, aliyoinunua kwa mshahara wa kwanza, ilikuwa imekwenda kwa mlanguzi. Naam, wazee wa kanisa: mwenzenu alinunua kwa mlanguzi. Alilitubia? Sijui. Alichoniambia ni kwamba sabuni ya wagonjwa haikuwa yake na saa ilikuwa yake. Mimi nilikuwa na miaka 12, na nilichoelewa ni kwamba baba yangu aliwapenda askari kuliko sisi. Nilikaa na hilo miaka mingi. Leo siwezi kusema alikuwa na haki yote. Upele ni upele, na mtoto alijikuna majuma matatu.

Tuendelee.

Kuna jambo la pili, na hili nilisikia mara moja tu, nikiwa nimeshika sinia ya chai.

Mwaka 1992 alikuja mgeni nyumbani. Mtu wa makamo, anachechemea, mguu mmoja mfupi. Hakukaa vizuri. Akasema, "Afande, mimi ni yule Koplo." Baba akasimama. Nilikuwa sijawahi kumwona Baba akimsimamia mtu asiye askofu.

Habari yenyewe ni hii. Karibu na Masaka usiku mmoja waliletwa majeruhi kwa mkupuo. Miongoni mwao Koplo huyu, ugoko umevunjwa na risasi, damu imezuiwa kwa bandeji, anatukana, maana yake ana nguvu. Na mateka mmoja, askari wa Amin, kijana, risasi ya tumbo. Meza ilikuwa moja. Daktari mmoja. Niwaulize ninyi mliokaa hapa, mnaopenda maswali rahisi: nani anatangulia? Yule aliyekuja kuilinda nchi yako, au yule aliyekuja kuichoma? Na kumbukeni daktari huyu nyumba ya mama yake ilikuwa ni moja ya zile zilizochomwa.

Wenye bunduki pale walikuwa na jibu. "Wetu kwanza, Afande."

Baba akasema, "Wa kwanza ni yule anayekufa kwanza." Akaenda kunawa. Mtu mmoja akatema mate chini karibu na beseni. Baba hakugeuka. Alikuwa kwenye ya tatu, alisema, na ukigeuka unapoteza hesabu.

Baadaye sana nilikuja kujua kwamba sheria ya vita inasema hivyohivyo. Mkataba wa kwanza wa Geneva wa 1949, ibara ya 12: ni dharura ya kitabibu peke yake inayopanga nani atibiwe mbele ya nani. Nilimpelekea Baba ukurasa huo kwa furaha, kama mwanafunzi aliyepata jibu. Akausoma, akanirudishia. "Wamechelewa," akasema. "Luka sura ya kumi imeandikwa zamani."

Lakini tusikimbilie kupiga makofi. Alipokuwa akingoja meza iandaliwe, yule mateka aliomba maji. Aliomba kwa Kiswahili, kile Kiswahili cha kambini cha jeshi la Uganda. "Daktari, maji." Na mtu mwenye risasi ya tumbo hapewi maji ya kunywa, wauguzi mlioko hapa mnajua. Baba akachovya kipande cha gozi, kile kitambaa chepesi cha kufungia vidonda, akamlowesha midomo. Akaomba tena. Baba akamlowesha tena. Alimpasua saa mbili nzima. Alfajiri yule kijana akafa.

Na Koplo? Alipasuliwa asubuhi. Jeraha lilikuwa limeanza kuoza. Mguu ukaokolewa, ukabaki mfupi.

Kwa hiyo mwaka 1992 Koplo alikuja kuuliza swali moja, baada ya miaka 13 ya kuchechemea. "Afande, yule alikufa. Ungenianza mimi ningekuwa mzima. Ulinifanyia vile kwa nini?"

Nilikuwa nimesimama na sinia. Nilingoja Baba amwambie habari ya Msamaria. Nilingoja amwambie habari ya wajibu. Baba akasema, "Ningekuanza wewe, yeye asingefika saa tano usiku. Sikujua kwamba hatafika asubuhi. Mguu wako nauona kila ninapovaa viatu." Kisha akanyamaza, halafu akasema jambo ambalo Koplo hakuliulizia. "Kinachonisumbua ni maji. Nilikuwa sahihi kumnyima. Kitabu kinasema hivyo. Lakini hata wale askari pale Kalvari, wale waliomsulubisha, walimtafutia sifongo. Mimi Mkristo, mtoto wa mwinjilisti, nilimpa gozi. Kama ningejua hana asubuhi, ningempa kikombe."

Koplo akanywa chai yake. Kitumbua akakiuma mara moja akakiacha. Akaaga kijeshi. Hakuja tena, na sijui alikwenda na nini moyoni. Ningependa kuwaambia walipatana. Sikuona hivyo. Niliona mzee mmoja akilisogeza sahani lenye kitumbua nusu, akashindwa kukila na akashindwa kukitupa.

Vijana wa mlangoni, bado mpo? Nakaribia.

La tatu ni majeraha, na hapa narudi kwa kaka yangu, kama nilivyoahidi.

Baba alifundisha shule ya Jumapili, wengine hapa mlipita mikononi mwake. Akifika kwenye Msamaria mwema alisimama kwenye mafuta na divai. "Divai ya kusafishia," anasema, "mafuta ya kulainishia, halafu akamfunga. Tafuteni kama imeandikwa alimshona." Watoto wanatafuta. Haikuandikwa. "Sawasawa. Yule alikuwa anajua kazi."

Maana, ndugu zangu, jeraha la vita halishonwi siku hiyohiyo. Risasi inaingia na uzi wa nguo, na udongo, na nyama iliyokufa. Ukilishona leo likapendeza, umefungia uozo ndani. Unalisafisha, unakata kilichokufa, unaliacha wazi chini ya bandeji. Siku ya nne, ya tano, unalifungua: likiwa safi, jekundu, ndipo unashona. Daktari mgeni kutoka mjini, alisema Baba, unamtambua kwa haraka ya kushona.

Mwaka 1984 matokeo ya kidato cha nne yalitoka, kaka yangu akafeli. Baba akamwambia, mezani, mbele yetu sote: "Wamelala Kaboya vijana waliokuwa na akili kuliko wewe." Kaboya mnaijua, kule Muleba walikozikwa mashujaa wetu wa vita ile. Kaka alinawa mikono, bila Baba Yetu, akaondoka. Alikwenda ziwani, Mwanza, kwenye samaki. Miaka 11 hakukanyaga nyumbani. Mama alikuwa anakutana naye stendi.

Alirudi 1995, kumzika Mama.

Mnajua misiba yetu ilivyo. Wazee wakaona nafasi. Baada ya mazishi wakawasimamisha wawili hao mbele ya watu, kaburi bado bichi, mchungaji akasema, "Mpeane mikono, mama yenu apumzike." Watu wote wakaguna kwa kuridhika. Kaka akanyosha mkono.

Baba akakataa.

Minong'ono ikaanza. Mzee gani huyu? Mzee wa kanisa anamkatalia mwanawe mkono kaburini? Nami nilikasirika, siwafichi. Baba akasema kwa sauti ya kawaida tu, "Jeraha hili lina uchafu ndani. Mnataka nilishone leo?" Akamgeukia Kaka. "Kesho jioni, chini ya mparachichi. Usiondoke."

Jioni ya kwanza walikaa hawakusema. Jioni ya pili Kaka alipiga kelele mpaka mbuzi wakakata kamba. Nilimsikia: "Ulinitamani niwe maiti! Maiti mwenye akili!" Jioni ya tatu ilikuwa ya Baba. Sikusikia mengi, alizungumza chini. Nilisikia akitaja watu, mmoja baada ya mwingine, si majina, majina mengine hakuyapata: yule wa Singida mwenye mwanya, yule aliyeita dada yake, yule wa Newala. Nikaelewa kwamba mwaka ule wa matokeo alipomtazama mwanawe alikuwa anawaona wao, na kwamba alikuwa amemwambia Kaka kitu ambacho kilikuwa cha kuwaambia wale, au cha kumwambia Mungu. Hilo halimpi ruhusa. Lakini nililielewa. Jioni ya nne mvua ilinyesha, wakakaa kwenye baraza, Kaka akamkatia Baba kucha.

Siku ya tano mchana tulikuwa mezani. Baba akaongoza sala, Baba Yetu, taratibu yake ileile. Akafika "utusamehe". Sauti ikakatika. Akatulia, akameza mate, akaanzia mbele, "usitutie majaribuni". Ameruka. Baba yetu, ameruka.

Kimya. Watoto wa Kaka, ambao babu yao walikuwa wanamwona kwa mara ya kwanza, wakafumbua macho.

Kaka akasema polepole, "Rudi kwenye makosa yetu, Baba."

Baba akarudi.

Baada ya kustaafu, Julai ikikaribia tarehe 25, Siku ya Mashujaa, alipanda basi kwenda Kaboya. Nilimsindikiza mara moja. Nilitegemea sala ndefu. Alipita tu kwenye mistari ya makaburi, koti la kijivu, mikono nyuma. Pembeni ya kaburi moja kulikuwa na jani limeota, akainama kwa taabu akaling'oa, akaliweka mfukoni. Tulipofika stendi lilikuwa bado mfukoni.

Alifariki mwaka 2014, usingizini, tukamzika nyumbani Missenyi, migombani, karibu na Mama. Mlikuja wengi, Mungu awabariki, ni mbali. Lakini kuna jambo hamkuliona kwa sababu mlikuwa mmekaa turubai la mbele.

Baba Mdogo Sajenti alikuja kutoka Tanga. Mabasi mawili, siku mbili, umri wake ule, kofia imenyooka. Alifika mazishi yamekwisha. Hakulia. Akaenda kaburini akainua mikono, akasoma yake, akarudi kwa watu. Chakula kilikuwa kinatolewa, na kijana mmoja wa kwetu alikuwa amesimama na jagi na beseni akiwanawisha wageni, foleni imefika kwenye migomba. Zamu ya Sajenti ikafika.

Akakunja mikono ya kanzu. Akaomba sabuni. Akaanza kwenye kucha. Kijana anamwaga maji, anangoja, mzee hajamaliza. Katikati ya vidole, kiganja, nyuma ya kiganja. Nyuma yake watu wakaanza kukohoa. "Mzee, chakula kinapoa." Hasikii. Anapanda kwenye viwiko, mikono ameiinua juu, maji yanateremka yanadondokea kanzuni. Nikasogea karibu. Midomo yake ilikuwa inacheza. Nikaanza kuhesabu naye, kimoyomoyo, mimi na Baba Yetu yangu.

Kwenye ya sita jagi likaisha. Kijana akanitazama. Nikalichukua, nikaenda kuchota jingine.